Karatasi ya Vyura

Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno kumi na saba
ambayo hata mimi niliyakopa kamusini.
Vendelín, miaka sita, aliisoma kwa kidole,
akafika kwenye "amfibia", akapiga mwayo
mpana kuliko bwawa la Lhotka.
Nikafuta. Nikaandika: Chura anarudi kwao.

"Na macho yake umekosea," akasema.
Nilikuwa nimedondosha vitone viwili vya wino, basi.
Akachakura kopo la penseli, akatoa ya rangi ya shaba,
akapaka polepole, ulimi nje,
akaacha katikati mstari mweusi, uliolala,
kama tundu la kutumbukizia sarafu.

Bibi Otýlie wa ng'ambo ya barabara alitaka herufi kubwa.
Radovan, dereva wa lori la magogo, alitaka kujua
nani atamlipia breki.
Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji,
seuze Radovan kwenda kiwandani.
Lakini aliikunja mara nne, akaitia mfukoni.
Ana binti.

Nilichapa mia mbili. Mbele: ndoo, tochi,
mikono iliyoloweshwa, kwa kuwa ngozi ya chura
haipendi kiganja kikavu.
Nyuma: visanduku vya kuhesabia,
baba, mama, mtoto, kila mmoja na safu yake.

Machi ikaja. Theluji ikalegea pembezoni mwa msitu,
usiku mmoja ukapoa kidogo tu, wakaanza kuteremka.
Na mvua.
Bila shaka mvua! Chura havuki pakavu,
niliandika mwenyewe, mstari wa tatu,
wala halikunijia nikichagua karatasi ya bei rahisi.
Wino ukachuruzika. Visanduku vikawa uji.
Watoto wakabaki na vidole vya buluu,
nami na tochi yangu, nikiona haya.

"Lowesha mikono kwanza. Hivi. Chini ya makwapa,
usimbane tumbo, ana mayai."
Sauti ya Vendelín, kutoka gizani,
akimfundisha mwanamume mzima
aliyesimamisha lori katikati ya barabara, taa zote zikiwaka,
kofia yake imejaa vyura.

Asubuhi nilikuta hesabu imeandikwa kwa chaki
ukutani, ndani ya kibanda cha basi:
mia moja arobaini na tatu,
na saba chini yake, wamezungushiwa duara, bila maelezo.
Pembeni mtu kachora jicho,
mstari umelala katikati.

Mwakani, karatasi ya nta.