Mwokaji Adurusu Historia

Mghoi ana mtihani Jumatatu.
Swali la saba, anasema, halikosi kuja:
sababu na mkondo wa mapinduzi ya Ufaransa, alama kumi na tano.
Mimi nimetoka zamu sasa hivi, kiwanda cha mkate, Lunga Lunga,
unga kwenye nyusi, hamira kwenye shati,
na mfukoni mkate uliopasuka, haki ya mfanyakazi.

Njoo jikoni, namwambia. Nisomee. Mimi nitakuwa mfalme.
"Baba, mfalme hajawahi kulipia unga."
Haya. Hiyo andika ya kwanza.

Matabaka matatu, anasoma.
Naukata mkate tuone.
Kipande hiki chembamba, makasisi.
Hiki nacho, mabwana wa mashamba.
Uliobaki wote, toka kisu kilipo hadi ukoko wa mwisho, ni watu:
washona viatu, wakulima, mawakili, dobi.
Nani alilipa kodi?
Anaweka kidole juu ya kipande kikubwa.
Nani aliula?
Ananyamaza,
kisha anausogeza mkate wote upande wa pili wa sinia.

Na mfalme alikuwa amekopa.
Alikopa kwa vita vya ng'ambo, kumkomoa jirani,
akakopa kulipa alichokopa
(daftari la aina hiyo liko dukani kwa Kalekye, jina langu limo).
Chumvi ikatozwa kodi. Chumvi!
Kisha mvua ya mawe ikalaza ngano shambani,
baridi ikagandisha mito, vinu vikasimama,
na mkate ukapanda bei
hadi mshahara wa kibarua ukaishia mdomoni.

Hapo sihitaji kitabu.
Mwaka ule unga ulipopanda niliona trei zikirudi zimejaa,
watu wananunua nusu, wananunua robo,
mtoto katumwa na shilingi ishirini
karudi nazo.

Endelea, mama. Mkondo.
Waliitwa mkutanoni, wakafungiwa mlango,
wakaingia uwanja wa tenisi wakala kiapo:
hatutawanyiki bila katiba.
Julai wakavamia gereza. Ndani, wafungwa saba.
"Saba tu?"
Saba tu. Lakini kivuli cha ule ukuta kilifika mitaa yote.

Oktoba, wanawake wa sokoni
walitembea mchana kutwa kwenye mvua, wakikokota mizinga,
wakamtoa mfalme kwenye kasri, wakamleta mjini,
njia nzima wakipaza sauti: tunamleta mwokaji,
na mke wa mwokaji,
na mwana wa mwokaji!

Mghoi ananitazama. Unga wangu unadondokea daftari lake.
"Walimwita mwokaji?"
Walimwita. Walidhani akikaa karibu, tanuri halitapoa.

Kuna jambo halimo kitabuni mwake.
Nililisoma mahali, nikakosa usingizi siku mbili.
Oktoba hiyohiyo, foleni ya mkate ilimkamata mwokaji wa kweli,
wakasema kaficha mikate,
wakamnyonga kwenye nguzo ya taa.
Alikuwa amekesha akioka. Mkewe alikuwa mjamzito.
Hilo simwambii.

Namwambia yaliyofuata, harakaharaka, kama mtu anayepita makaburini:
mfalme akatoroka usiku, akatambuliwa njiani;
jamhuri; gilotini; kichwa cha mfalme,
halafu vichwa vya waliokitaka kichwa cha mfalme,
hadi askari mmoja akalichukua taji
akajivika kwa mikono yake mwenyewe.

"Kwa hiyo ilisaidia?"
Swali hilo halina alama.

Nje Mukuru imeamka, mitungi inagongana bombani.
Mghoi amekula watu wote,
ameniachia makasisi na mabwana.
Anafunika kalamu, anaifunua tena.
"Na waokaji wenyewe, Baba? Walifanya nini wakati wote huo?"

Walioka, nikasema,
nikainama kuvua viatu.