Kidato cha Tisa

Mkandarasi Pang anataka nifute ngazi ya mashariki.
Ameweka kikombe chake cha chai juu ya ramani yangu,
pale pale, juu ya ngazi,
kana kwamba chai ndiyo itakayoshuka.
"Ngazi moja pana yatosha, Msanifu Ruan.
Fedha za ya pili tujengee mnara wa saa.
Mkuu wa wilaya anapenda saa."

Simjibu. Napima.
Upana wa kukanyagia, sentimita ishirini na nane.
Kimo, kumi na tano,
ili mtoto wa miaka saba ashuke huku akisimulia jambo.
Vishikio viwili: kimoja cha mwalimu,
kingine chini yake, cha mwenye glavu
zilizoning'inizwa shingoni kwa uzi.

Shule yetu ya Shitan ilikuwa na ghorofa nne na ngazi moja.
Wanafunzi elfu moja na mia mbili,
kengele moja.
Novemba, mvua, masomo ya usiku yamekwisha,
kila mtu anawahi maji ya moto bwenini.
Taa ya ngazini iliungua tangu Jumatatu.
Huko juu mtu akaita, kwa mzaha, "Mzimu!"
wala hakupaza sana sauti.

Nilikuwa kidato cha kwanza,
nimesimama kidato cha tisa kutoka chini.
Mbele yangu Qiao Lanying aliangusha kifuniko cha chupa yake,
chekundu,
kikaruka ta, ta, ta,
tukacheka.
Akainama.

Watu hudhani tulisukumana.
Hakuna aliyesukuma.
Kila mtoto alisogea nusu hatua tu,
nusu hatua ya adabu,
kwa sababu nyuma yake palikuwa na nusu hatua nyingine.
Nusu hatua mara mia tatu
ni ukuta unaotembea.

Pale ngazi inapokata kona, mafundi hupaita pumziko.
Pumzi ndiyo iliyotuishia hapo.
Miguu yangu haikugusa kitu.
Nilibebwa wima, kama kalamu katika kikebe kilichojaa kalamu,
na mbele ya jicho langu sikio la mvulana nisiyemjua,
lina doa la wino,
nikalitazama doa hilo
mpaka likawa kubwa kuliko shule.
Mlango wa chini ulifungukia ndani.

Ripoti ilisema: utovu wa nidhamu.
Wiki iliyofuata wakapaka ukutani, kwa rangi nyekundu,
MSISUKUMANE.
Maandishi hayamdaki mtu anayeanguka.

Mama yake Lanying alikuja kuchukua daftari.
Aliniuliza mwanawe alisema nini mwisho.
Nikamwambia hakusema kitu, na ni kweli.
Sikumwambia kwamba tulicheka.

Basi ondoa kikombe, Bwana Pang.
Ngazi zitakuwa mbili, mbalimbali,
kama mawifi waliokosana.
Dirisha katika kila kona,
maana mwezi hauunguzi fyuzi.
Milango ifungukie nje, itii kifua cha mtoto.
Wadogo watoke kwanza, wakubwa wangoje dakika nne,
wanung'unike wapendavyo.
Saa? Mwalimu anayo mkononi.

Pang ameinua kikombe.
Kimeacha duara la kahawia,
dogo, kamili, juu ya karatasi.
Nalitazama kuliko inavyostahili.

Kidole chake kimetua kwenye pumziko,
kando ya njia, kwenye kibaraza nilichokichora
ambacho hakimo katika kanuni yoyote.
"Na hiki?" anauliza. "Sentimita tisini za saruji,
kila ghorofa, upande huu na upande ule.
Ni cha nini?"

"Cha kuinamia," nasema.

Anangoja niendelee.