Kumi na Nne Nukta Moja

Kibandani kwangu Igogo, chini ya jabali,
Mwalimu Nyanzobe kaleta kompyuta inayojizima.
Programu yasema: volti kumi na moja nukta nane.
Nikacheka. "Mama, huko ni kumuuliza mlevi
kama amelewa.
Kitambuzi kinakula sufuria moja na mshtakiwa."

Nikatoa mita yangu.
Ncha nyeusi waya mweusi, nyekundu waya wa njano:
kumi na nne nukta moja.
"Umeona? Pawasaplai hii itaunguza kila kitu."
Nikafunga mpya.
Kumi na nne nukta moja.
Nikaazima ya tatu kwa Lushinge.
Kumi na nne nukta moja.

Upepo wa ziwa ukalitikisa bati.
Nyanzobe akavaa miwani ya kusahihishia madaftari,
akainama, akagusa kioo cha mita kwa kalamu:
"Na hiki kibetri kinachowakawaka pembeni?"

Nikaenda dukani kununua betri ya volti tisa,
polepole, kama anayepeleka barua ya kufukuzwa shule.
Kumi na moja nukta nane.

Feni ndiyo ilikuwa imezibwa
na wadudu wa ziwani, wakavu, maelfu.

Sikumdai hata senti. Yeye alinidai:
"Masahihisho. Mara tatu.
Mwandiko usomeke."