Nundu

Mama hakuvaa kiatu cha kuchongoka maisha yake yote.
Katambuga, basi, na Jumapili
raba nyeupe alizozisugua kwa chaki.
Kwa hiyo msinisimulie habari za visigino,
wala ile miaka kumi na tisa niliyosimama
dirisha la stakabadhi pale Makole,
kidole kimekunjwa kama barua.
Nundu hii ni ya ukoo.
Ng'ombe wa Hombolo huibeba mgongoni,
sisi wanawake wa kwa Chilewa twaibeba mguuni,
na kila kiatu nilichonunua Sabasaba
nilikitoboa kwa wembe, ipate pa kuchungulia.

Daktari Ndahani ni kijana, mikono midogo.
Akanichora kwa wino wa bluu: hapa, hapa, na hapa.
Matundu matatu,
punje ya mtama ingetosha kuliziba kila moja.
"Zamani tulipasua urefu wa kidole," alisema.
"Leo twaingia kama mwizi mstaarabu."
Ganzi ikapanda. Mguu ukawa wa mtu mwingine,
mgeni aliyelala kitandani kwangu bila kubisha hodi.
Mimi macho, pazia la kijani mbele yangu,
nikasikia keekee.
Si kelele; nyigu ndani ya mwanzi.
Kwenye kioo cha eksirei mfupa wangu
ukakatwa, ukasukumwa, ukakazwa skrubu mbili,
kama mlango uliokuwa ukikwaruza sakafu
umerudishwa kwenye bawaba.

Dakika arobaini.
"Nionyesheni mlichokitoa," nikasema.
Wakatazamana.
"Hakuna cha kuonyesha, mama," akajibu nesi Mbeleje.
"Kimesagwa humo humo,
kikatoka na maji kama uji mwepesi. Tumekifuta."

Sikulia palepale.
Nililia nyumbani Nkuhungu, siku ya tatu,
mguu juu ya mito miwili,
upepo wa Julai ukipepeta vumbi dirishani.
Maana utotoni, tukitoka shule,
tulisoma njia kuliko tulivyosoma vitabu.
Kati ya nyayo zote zilizokwenda kisimani
wa mama ulikuwa na kishimo cha ziada pembeni,
nasi tukajua: ameshapita,
leo ugali utaiva mapema.
Picha yake hatuna.
Kanga zake waligawana mashangazi.
Mimi nilipewa mfupa.

Wiki ya sita nimevua kiatu kigumu cha hospitali,
nikakanyaga uani, pekupeku,
hatua nne, kisha nikageuka kutazama.
Wayo wa kulia umenyooka, mzuri,
wa mwanamke nisiyemjua.
Wa kushoto ni wa mama.

Leo hauumi. Jana uliuma mpaka alfajiri.
Tarehe yake ni Novemba, imeandikwa kwenye kadi,
na kadi nimeichomeka nyuma ya saa ya ukutani.
Siku hizi naulizia saa kwa majirani.