Mvua Ile Ilikuwa ya Nani?

Mimi fundi wa redio,
sina shamba wala cheo,
nina langu kimbilio,
kibanda cha Luandani.

Mama kaja na habari:
"Nimeshatoa mahari,
ng'ombe sita, wa fahari,
Ebunyore mlimani."

Nikamuuliza, "Yupi?"
Akajibu kwa ufupi:
"Ni Andisi. Yuko wapi
wa mfano wake nchini?"

Moyo wangu ukaruka:
kwao, watu husadika,
mawingu huwaitika
kama kuku wa nyumbani.

Nikawaza: akinuna,
tukikosa kupatana,
si bati nitaliona
kesho yake kwa jirani?

Nikaleta visababu:
jino bovu, nina tabu,
na redio ya Ayubu
haijapona mezani.

Mama kanitazama tu,
kanunua na viatu
vizito kama vya jitu,
vikabana vidoleni.

Ikafika Jumamosi,
nikanyolewa upesi,
nikatafuta nafasi
ya kupenya dirishani.

Kichwa na bega vikatoka,
suruali kachanika,
shangazi akanidaka
kwa ukosi wa shingoni.

"Unakwenda wapi, bwana?"
"Nachungulia mchana."
Akacheka sana, sana,
akaniziba kwa pini.

Tukafika kwenye hema;
mchungaji kasimama,
na Andisi kainama,
shela jekundu usoni.

Wazee wakanong'ona,
"Mbona nyeupe hakuna?"
Andisi, bila kununa,
akauliza, "Kwa nini?"

"Je, Ombima, wamtaka?"
Ulimi ukakauka.
"Ndi..." nikaanza, nikachoka,
radi kalia angani.

Barafu kubwa ja yai
ikapiga kwenye chai;
keki haikuwa hai,
kateleza matopeni.

Fahali kakata kamba,
kwaya kaacha kuimba,
mpiga picha kayumba
na kamera mtaroni.

Shangazi, kwa kuduwaa,
sufuria akavaa;
mchuzi, wenye dagaa,
ukashuka mashavuni.

Upepo kavuta hema;
nikasema, "Fursa njema,
hakuna wa kutazama,
Kisumu i karibuni."

Lakini nikageuka.
Andisi kamba kashika,
peku, huku akicheka,
shela likiwa begani.

"We Ombima, njoo hapa!
Kamba hii ina pupa!"
Nikashika, nikatupa
vile viatu shimoni.

Tukavutana kwa nguvu,
mbavu zagusana mbavu,
huku suti yangu mbovu
yaachia zile pini.

Nikasema, "Sikutaka.
Naogopa ukiwaka.
Mvua yako imefoka;
uirudishe mbinguni."

Kanitazama kwa kina:
"Hata mimi nilikana.
Siku tatu nilinuna,
nikajificha jikoni.

"Mvua hii, sikiliza,
mimi sijaiagiza.
Manyunyu ndiyo naweza,
ya kunyweshea bustani.

"Ya mawe haiko kwetu.
Haijatoka kwa watu
wa ukoo huu wetu.
Ombima, ni ya kwa nani?"

Nikalikumbuka jibu
lililonipa aibu,
radi ikija karibu
lilipokwama kooni.

Nikasema, "Ndiyo," pole.
Upepo kapita mbele,
mawe yakakoma kule
kwenye migomba shambani.

Mchungaji, amelowa,
kauliza, "Imekuwa?"
Shangazi, kama kalewa,
kajibu, "Andika ndani."

Siku hizi nikinuna,
Andisi, akishaona
mawingu yakikutana,
huanua nguo uani.