Mizani Niliyokuja Nayo

Saa tano usiku, Kirumba. Umeme umerudi.
Mabondo ya sangara yamelala juu ya nyavu,
manjano hafifu kama kucha za mtu mzima,
kilo kumi na moja na robo; nimepima mara mbili.
Mnunuzi yuko ng'ambo, sijamwona hata kivuli.
Atanilipa kwa sarafu isiyo na sura ya rais wala ya mnyama,
nami nimekubali, kwa kuwa mara ya mwisho
benki ilikaa na pesa yangu siku tisa
ikaila kwa makato yasiyo na jina.

Ninacho kidude. Kidogo kuliko kiberiti,
kioo chake sawa na ukucha wa gumba, vitufe viwili.
Kilipotema maneno yake ishirini na manne
niliyaandika kwa penseli, mlango nimeufunga,
simu nimeilaza kifudifudi chumba cha pili.
Bugumba wa ofisi ya jirani alicheka:
"Mama Nyamizi, hata picha moja hupigi?"
Sikupiga. Karatasi iko nijuako,
nakala yake iko Ukerewe, na hapo naishia.

Nachomeka waya, uleule uliokuja na boksi.
Kwenye kivinjari natafuta jina la pochi,
nabonyeza cha kwanza kilichotokea juu.

Hapo ndipo nilipokosea.

Ukurasa nadhifu, rangi zilezile, nembo ileile:
kifaa chako kinahitaji kuhuishwa,
andika maneno yako ishirini na manne.
Visanduku vyeupe vimejipanga
kama vikombe vya msibani vinavyongoja chai.
Vidole vikanitangulia.
Herufi moja ilikuwa imekwishaandikwa
nilipotupa jicho kwenye kidude.

Kimya. Hakikuuliza kitu.
Kioo kikubwa kinaomba, kioo kidogo hakina habari.

Miaka kumi na minne nimeuza Mwaloni.
Mnunuzi huja na mizani yake, ina rangi mpya:
"Soma mwenyewe, mama, sita kamili."
Nasoma. Kisha natoa yangu kikapuni,
ya kulabu, yenye kutu, naning'iniza mfuko uleule.
Sita na nusu.
Hatugombani. Namwonyesha tu.

Nikachomoa waya.
Nikaisoma anwani ya ukurasa kwa kidole
kama mtoto wa darasa la kwanza,
na palipopaswa kuwa na herufi
palikuwa na tarakimu moja, imesimama wima
kama mlinzi aliyevaa sare ya kuazima.
Nikafunga. Nikanawa mikono, sijui kwa nini.

Safari ya pili niliiandika anwani mwenyewe,
nikiinakili kwenye kijitabu cha ndani ya boksi.
Kivinjari kikabisha hodi: nikiruhusu kifaa hiki?
Hiki tu, basi.
Namba ya siri nikaibonyeza kwenye mwili wa kidude,
kibodi haikuambulia hata tarakimu.
Kisha ikaja anwani ya kupokelea, ndefu kama deni,
huku kwenye kompyuta, kule kwenye kioo cha ukucha.
Nikalinganisha mwanzo. Nikalinganisha mwisho.
Nikarudi katikati, polepole,
maana samaki anaweza kuwa na kichwa chake na mkia wake
na tumboni bondo lisiwemo.

Zililingana zote.

Nikamtumia mnunuzi, nikakata muunganisho,
nikachomoa waya, nikaukunja.
Nje mbwa wa soko walikuwa wanagombania utumbo,
na upepo wa ziwa uligeuza kona moja ya wavu.

Kesho Bugumba atauliza kama pesa imeingia.
Nitamwambia imeingia.
Ile herufi moja
sitamwambia.