Kovu la Shavu la Kushoto

Miaka kumi na saba nimemchora kovu Erisa Kirabira,
kila Jumatatu, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro kule Ntinda.
Gundi kwanza, kisha pamba, kisha rangi ya ini.
Huanzia chini ya jicho, hushuka hadi pembe ya mdomo,
na likishakauka, yule mtu mpole aliyekuwa akinisimulia habari za kuku wake
hunyamaza,
na kitini huwa ameketi mwingine.

Ameua watu thelathini na mmoja; nimewahesabu.
Amechoma hati za mashamba, amemzika kaka yake akiwa hai,
amewatilia wajane sumu kwenye uji.
Naye ameuawa mara tisa:
risasi, mamba, radi,
na mara moja, mwandishi alipoishiwa,
mwiba wa samaki.
Nchi nzima iliushangilia ule mwiba.

Sokoni Nakawa muuza nyanya alimrudishia noti yake:
"Nenda kanywe damu uliyoizoea."
Akacheka, akaondoka mikono mitupu.
Kesho yake akanituma mimi nikamnunulie
kwa mama yuleyule,
maana nyanya zake, alisema, hazina mfano.

Mama yake alimpigia simu kutoka Masindi:
mwanangu, hakuna hata siku moja wanapohitaji padri?
Wakampa. Si padri, baba mlezi tu, sehemu moja.
Nilimwacha na uso wake mtupu.
Akampa mtoto kikombe cha maziwa, akasema, kunywa, mwanangu.
Hakukuwa na zaidi ya hapo.
Wakati huo nilikuwa nimehamia Kyebando na sanduku moja,
sina televisheni, natazama kwa jirani,
na ukuta kwa ukuta nikausikia mtaa ukipiga kelele:
Usinywe! Wee mtoto, usinywe!
Jumatatu iliyofuata kovu likarudi mahali pake.

Kamera haikuliona hili:
kabla ya kumpiga Nakimuli lile kofi la harusini
alilifanyia mazoezi hewani asubuhi nzima,
kiganja kikipita upana wa kidole kutoka shavuni.
Mlio ulitoka nyuma ya pazia, kwa kijana mmoja na kandambili zake.
Neno "kata" halijaisha, yeye ameshainama:
Nimekugusa? Una hakika?

Mimi nilikuwa nimeolewa na shemasi.
Watu walimwamkia kwa mikono miwili.
Aprili moja nilifika kazini kabla ya mfagiaji,
nikaketi mbele ya kioo cha Erisa,
nikajipaka poda yake,
nami ni fundi, mjue, naficha vizuri.
Akaingia. Akakitazama kioo, hakunitazama mimi.
Akakaa kimya mpaka jenereta ikawaka.
"Hiyo," akasema, "hukuichora wewe."

Hakuongeza neno. Alifumba macho, akanigeuzia shavu la kushoto.
Mkono wangu ukatetemeka, kovu likatoka limepinda,
na mwongozaji akalipenda, akaamuru libaki hivyohivyo.
Tazameni vizuri,
kuanzia kipindi cha mia mbili na nne.